Ruiru Hadi Thika kwa Helikopta, na Geti Katikati

Nimeshakabidhi funguo za ofisi, filimbi na lile koti la kung'aa. Kabla hamjaanza kunipigia simu mkiniuliza mambo niliyowaambia mkiwa mmeinamia simu zenu, wacha niyaandike. Swali mtakaloulizwa kuliko yote, na mtaulizwa na watu wazima wenye akili timamu, ni hili: kutoka Ruiru hadi Thika kwa ndege ni umbali gani, na ni dakika ngapi?

Jibu lenyewe ni rahisi. Weka rula kwenye ramani, utapata kama kilomita kumi na nane. Pima tena, kwa sababu mara ya kwanza rula huteleza. Barabarani ni ishirini na kidogo. Helikopta yetu humaliza hiyo njia kwa dakika sita hivi, tano kama upepo unaisukuma. Ndege ya tikiti kati ya Ruiru na Thika mimi sijawahi kuiona, na mtu akikuuzia tikiti kama hiyo mshike shati kwanza, maswali baadaye. Kilichopo ni chopa ya kukodi, na wanaoikodi kwa mwendo mfupi hivyo ni watu wa harusi, watu wa siasa, na mtu mwenye neno lake na jirani.

Sasa, kama kazi ingekuwa ni hilo jibu tu, kampuni ingeajiri rula.

Mimi nilitoka sokoni. Nilikuwa Kiuu, ule upande wa Githurai, nikiuza mitumba na turubai. Siku moja mwenye kampuni akaja kutafuta turubai la kufunikia vipuri vyake. Akataka la mita nne. Nikapima akiona, nikapima tena, nikamwambia hili lina mita nne kasoro kiganja, aamue. Akafurahi, akasema hajawahi kuona mfanyabiashara anayejiharibia bei. Sikuwa nimejiharibia kitu. Bei niliyomtajia ilikuwa tayari ya turubai lisilo na hicho kiganja, na bado ilinifaa. Tukavutana mpaka kivuli cha kibanda kikahama. Alipomaliza kulikunja akaniuliza kama ninaweza kuvutana hivyo na kamati za harusi. Nikamwambia kamati ya harusi ni wateja wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Huko mimi nitakuwa nimeenda kupumzika.

Hivyo ndivyo nilivyoingia mambo ya ndege, nikiwa sijawahi kupanda hata ngazi ndefu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye kofia iliyokuwa na miaka mingi kuliko helikopta zetu zote. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa chini. Mtu wa chini hutangulia mahali ambapo helikopta itatua, anapakagua, anapaweka sawa, na anaongea na rubani kwa redio. Siku yangu ya kwanza tulienda Kahawa Sukari, kwa familia iliyokuwa na uwanja mzuri wa nyasi nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimevaa sketi mpya, nikidhani kazi ya ndege ni kazi ya kuonekana. Wafula akautazama uwanja, akavua kofia, akasema:

"Lala chini."

"Nilale chini wapi, mzee?"

"Hapo katikati. Chali."

"Na hii sketi?"

"Sketi itafuliwa. Waya huuoni ukiwa umesimama, unajificha kwa miti na kwa ukuta. Ukilala, nyuma yake kunabaki mbingu tupu. Haya, lala, hesabu."

Nikalala. Mwenye nyumba akatuchungulia dirishani, akafunga pazia. Nikamwambia Wafula naona nyaya mbili, wa stima na wa kuanikia nguo uliotoka kwa baraza la jirani.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Palikuwa na wa tatu, mweusi, mwembamba kama uzi, wa intaneti, umepita juu ya uwanja kutoka mti hadi mti. Huo ndio ungetuangusha. Tangu siku hiyo sijaamini hesabu ya kwanza ya mtu yeyote, hata yangu.

Wafula ndiye aliyenifundisha kuchora alama kwa chokaa, si kwa unga, kwa sababu unga kuku wanakula ukigeuka. Kufunga kitambaa chekundu kwenye kijiti ili rubani aone upepo. Kumwaga maji uwanjani mapema, ndoo kwa ndoo, vumbi lilale. Maji kidogo hayasaidii na mengi yanafanya matope, na watu wa harusi husamehe chochote isipokuwa matope. Upepo wa helikopta nao muuheshimu. Unainua mabati yasiyopigiliwa, unabeba hema pamoja na wageni waliolishika. Pale Juja niliwahi kuona keki nyeupe ya ghorofa tatu ikifunikwa vumbi hadi mgeni mmoja akasifu chokoleti. Na mawigi, hayo hatuna la kufanya. Wafula alikuwa akisema wigi ni la mwenyewe.

Neno lake kubwa lilikuwa moja. Rubani anajua njia ya juu, alisema. Wewe ujue wanaoshuka watakanyaga wapi, na ni kwa nani.

Alistaafu akarudi Bungoma kulima, nikabaki na kofia mbili, yake na yangu. Miaka ikaenda. Nimepokea maharusi, nimepokea majeneza, nimepokea wagombea waliotaka kutua katikati ya umati ili waonekane wanapendwa. Hayo mengine mtajifunza wenyewe. Ninayotaka kuwaachia ni kazi moja ya mwaka wangu wa mwisho, kwa sababu ilikuwa ya Ruiru hadi Thika kabisa, ile ile ya rula, na ilinifundisha umbali upya nikiwa mzee hivi.

Ilianza kwa simu.

"Mama Ndege?" Ruiru nzima waliniita hivyo. "Njoroge hapa, wa hardware. Ruiru mpaka Thika ni dakika ngapi?"

"Sita."

"Sita! Basi si nilipie dakika sita tu?"

"Na hiyo chopa itoke Nairobi ije kukuchukua ikitembea?"

Akacheka, nikajua huyu tutaelewana kwa bei, na tukaelewana. Shida yake haikuwa bei. Njoroge alikuwa msemaji wa familia yao, na mtoto wa ndugu yake, kijana mtulivu anaitwa Kimani, alikuwa anataka kumwoa Wambui, msichana wa kule mwisho wa mtaa wa Kiganjo, Thika, pale nyumba za kupangisha zinapoisha na mashamba kuanza. Walikuwa wameshaenda ruracio mara moja. Ruracio, kwa nyinyi mtakaofanya kazi hii na hamkuzaliwa huku kwetu, ni siku upande wa kijana huenda kwa kina msichana kuzungumza mambo ya mahari. Siku hiyo ya kwanza Njoroge aliwaweka watu wote kwenye magari wakimngoja anyolewe. Wakatoka Ruiru wamechelewa, wakakutana na msongamano Juja, wakafika Kiganjo wazee wa kina Wambui wakiwa wameshavaa makoti ya kwenda nyumbani. Geti halikufunguliwa. Waliambiwa kupitia kwa vyuma kwamba watu wamelala, na jua lilikuwa bado liko juu.

Baba yake Wambui akatuma neno: waje mara ya pili, lakini ya tatu haipo.

Kimani alinipigia kivyake. "Mama, anko atakuambia mambo mengi. Atataka hili na lile. Mimi nataka tu tufike. Wambui ameniambia yeye hataenda kumwomba baba yake tena. Ni hii au basi."

"Mtafika," nikamwambia. Kufikisha watu ndiyo kazi yangu.

Njoroge, kama alivyosema kijana, alitaka hili na lile. Kubwa lilikuwa kutua ndani ya boma lenyewe. "Watuone," akasema. "Wasiseme tena tumechelewa."

"Ndani hapana. Ng'ambo ya barabara, mbele ya geti lao, kuna uwanja wa shule. Mtashuka hapo, mvuke na miguu, msimame getini kama wageni wengine."

"Nilipe chopa nitembee na miguu?"

"Kwani geti lao liko juu ya paa?"

Akakubali, kwa ile sauti ya mtu anayekubali ili akate simu.

Jumamosi yenyewe nilifika mapema. Nikalala chini uwanjani, sketi na yote, nikahesabu nyaya, nikahesabu tena. Nikachora alama, nikafunga kitambaa, nikamwaga maji. Wamama wa upande wa Kimani, na mizigo yote ya kuleta, walitoka Ruiru kwa magari baada ya chai, wakafika bila jasho, wakajibanza kwa duka la kona wakingoja msemaji wao ashuke kutoka mbinguni. Nilitaka kumpigia Njoroge nimwambie magari yamefika kabla yake. Nikaacha. Alikuwa ameshalipa.

Upande wa pili wa barabara geti lilikuwa limefungwa, na ndani wamama wa kina Wambui walikuwa wamejipanga. Hii nayo muielewe vizuri. Kwetu Wakikuyu, geti la siku kama hiyo ni la wamama. Wageni husimama nje wakiimba waombe kufunguliwa, wa ndani wanajibu, wanahoji, wanakataa, wanavuta. Hapo hakuna mwanamume mwenye sauti. Baba ya msichana hukaa chini ya hema lake akijifanya hasikii. Kiongozi wa geti hilo alikuwa Wangari, shangazi yake Wambui, mama mnene mwenye mikono ya kubeba magunia. Walikuwa wakijaribu wimbo wao kwa sauti ya chini, wakikosoana.

Helikopta ikasikika. Na watoto wote wa Kiganjo wakaisikia pia.

Nilikuwa na filimbi, nikaipuliza mpaka macho yakaniwasha. Nikiwaondoa goli la huku wanaingia la kule. Rubani wetu, Kapteni Akinyi, akaniita kwa redio. "Mama, uwanja umejaa watoto."

"Nawaondoa. Zunguka kidogo."

"Hawaondoki, nawaona. Kuna shamba tupu hapo ng'ambo, ndani ya boma. Limevunwa, ni pana. Abiria wangu anasema hapo ndipo nyumbani wanakoenda."

"Hapo hapana, Kapteni! Usitue hapo!"

"Kuna waya?"

"Hakuna waya. Kuna wamama!"

"Wamama wako mbali, wako getini. Natua."

Akatua. Na akatua vizuri, hata hema halikutikisika sana. Simlaumu. Kuepuka watoto ndiyo sheria ya kwanza, na yeye ni mtu wa Siaya. Hakuna kitabu cha urubani kinachoeleza geti la Kiganjo lina uzito gani.

Basi angalieni mambo yalivyokuwa. Wageni watatu, Njoroge na Kimani na mzee wao mmoja, wako ndani ya boma, nyuma kabisa, kwenye mabua ya mahindi. Wamama wa geti wamewapa mgongo, wanatazama barabara. Na huku nje, mbele ya geti, mahali ambapo mgeni anatakiwa kusimama, nimesimama mimi peke yangu na filimbi.

Njoroge akaja na mikono imetanuliwa, miwani ya jua usoni. "Wamama wetu! Tumefika! Na mapema!"

Hakuna aliyegeuka. Wangari alinitazama mimi kupitia kwa vyuma.

"Wewe wa koti la kung'aa. Umeona wageni huko nje?"

"Tata," nikamwita kama tunavyowaita mashangazi, "wageni si ndio hao nyuma yako?"

"Nyuma yangu ni nyumbani. Kuna watu wetu na kuku wetu. Mimi nauliza wageni."

Njoroge akasogea. "Si mtufungulie tutoke halafu tuingie?"

"Mmesikia kuku?" Wangari akawauliza wenzake, macho bado barabarani. Mmoja akacheka ndani ya leso. "Mwambieni huyo jogoo hili geti leo linafunguliwa mara moja. Mara ya kwanza waliondoka kutoka hapa bila kuingia. Likifunguliwa watoke tena, basi wametoka. Hiyo ni kwaheri, na hatutadaiana neno."

Yule mzee wao akautupia macho ua. Ua wenyewe ulikuwa wa kaiyaba, ile miiba yenyewe.

"Jaribu," Wangari akasema, na sijui alimwona kwa macho gani. "Mzee mzima utoke kwa ua kama mbwa aliyeiba mayai."

Simu yangu ikaita. Ni Kimani, nilikuwa namwona kabisa, hatua chache nyuma ya wale wamama, ananipigia simu kwa sababu geti lilikuwa katikati yetu. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ameshika pazia. Wambui. Ananiangalia tu. Nifanye nini?"

"Simama hapo hapo. Usiongee na mtu."

Nikasogea getini. Nimewaambia mara nyingi: mnapojadiliana na mtu, kwanza jueni anauza nini. Wangari hakuwa anauza geti. Alikuwa anauza heshima ya nyumba yao, ambayo mara ya kwanza ilingojeshwa mtu akinyolewa. Hiyo haiombwi bure.

"Tata, unataka wafanyeje?"

"Warudi Ruiru juu kwa juu walivyokuja. Waweke hiyo kitu yao chini, wapande gari, waje kama watu."

Nilitazama kule kwenye hema. Baba ya Wambui alikuwa ameshaangalia saa yake. Kwa barabara ya Jumamosi, hawa wangerudi kukuta makoti yameshavaliwa tena.

"Ruiru ni mbali, Tata."

"Mbali? Si ni dakika sita? Huyo jogoo ametangaza dakika sita mpaka sokoni Makongeni zimefika."

"Sita ni za juu. Wakija na gari, utapata wageni lakini hutapata wazee."

Akanyamaza. Mtu wa soko akinyamaza usiongeze neno, anahesabu. Nikangoja.

"Basi Juja," akasema.

"Juja hakuna aliyenipimia mahali. Watashuka juu ya hosteli ya wanafunzi."

"Witeithie."

"Witeithie nyaya ni nyingi kama nywele. Nitakuletea wageni wamekaangwa."

"Wewe unataka wapi?"

"Hapa uwanjani. Ng'ambo."

"Hapa?" Akapiga makofi mara moja. "Hapa si safari! Hapa hata mtoto akitupa mtama kuku wetu wanaokota. Niambiwe Makongeni nilifungulia watu waliotoka ng'ambo ya barabara?"

"Hawatoki ng'ambo ya barabara. Wanatoka Ruiru. Wamepotea tu njia wakapitia kwa shamba lenu."

Wamama wakacheka, na Wangari akazuia mdomo wake usicheke, nikaona. Bei ilikuwa imesogea. "Stendi ya Kiganjo," akasema. "Watembee kutoka stendi."

"Stendi hakuna mahali pa kutua. Lakini uwanja una goli la huku na goli la kule mwisho. Nitawashusha goli la kule."

"Na watembee."

"Watembee."

"Na huyo wa miwani abebe gunia la mchele. Yeye mwenyewe. Si kijana, si dereva."

"Gunia zima, Tata? Ana miaka mingi."

"Ana miaka mingi na anashuka kwa shamba langu kama malaika?"

"Kiroba."

"Nusu gunia."

"Kiroba, na avue miwani."

Akasogeza uso kwenye vyuma. "Wewe ulikuwa unauza nini kabla ya hizi ndege?"

"Mitumba. Githurai."

"Nilijua. Watu wa nguo hamna aibu."

"Na wewe?"

"Viazi."

"Nilijua pia."

Tukakubaliana, bila kushikana mikono kwa sababu ya vyuma.

Kapteni Akinyi nilipompigia redio alidhani ninamtania. "Niwashe injini niruke ua?"

"Uruke ua. Utue goli la mbali."

"Na watu wa mnara wa kuongozea ndege niwaambie naenda wapi?"

"Waambie ukweli."

Akawaambia. Baadaye alinisimulia kwamba walimwuliza umbali wa safari, akawajibu kwamba mwisho wake anauona akiwa ameketi. Wakamwomba arudie, halafu wakamruhusu.

Niliwaita wamama wa Ruiru kutoka dukani, wakashikana mikono kuzunguka goli la mbali, wakaimba, na watoto wakapenda kuimba kuliko kukanyaga chokaa. Laiti ningalifikiria hivyo kabla ya kutoboa mapafu na filimbi. Muandike hiyo. Ndani ya boma Wangari ndiye aliyenifanyia kazi yangu. Alipaza sauti mara moja tu, bado ametazama barabara: "Wazee, shikeni tenti!" Na baba yake Wambui, ambaye hakuwa anasikia chochote tangu asubuhi, akasikia. Akainuka, akakumbatia nguzo kwa mikono miwili, kofia ameiuma kwa meno.

Injini ilichukua muda kupata nguvu kuliko safari yote. Ikapanda, ikavuka ua wa kaiyaba, ikapita juu ya geti. Leso zikapepea, vumbi likawafunika wale wamama, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Kwao hakukuwa na kitu juu. Wageni walikuwa bado wako njiani.

Nimepanga safari za Mombasa, nimepanga za Kisumu. Hiyo ndiyo fupi kuliko zote, na ndiyo iliyonitoa jasho.

Njoroge aliposhuka nilikuwa nimeshika kiroba cha mchele namngoja. "Mama Ndege, hivi si vile tuliongea."

"Tuliongea uwanja wa shule. Hapa ni wapi?"

Akavua miwani. Nikamwekea kiroba begani, kikalalia kola ya suti yake. Kimani alikuwa ameshaanza kukimbia, nikamshika mkono. "Nyuma ya anko yako. Pole pole."

"Watafungua?"

"Sijui. Wewe tembea."

Sikumdanganya. Kwa ndege ningemwahidi. Kwa geti la watu siwezi.

Wakatembea kutoka goli la kule hadi goli la huku, wakavuka barabara, na wamama wa Ruiru wakawafuata wakiimba. Ndani wakajibu. Sasa ndipo nilipoona jinsi wimbo wao ulivyokuwa umepangwa vizuri. Wakauliza hawa ni kina nani. Wakauliza ukoo. Wakauliza wameleta nini, na kila kilichotajwa wakasema hawakisikii, kitajwe tena. Kiroba kikahama bega la kulia, kikaenda la kushoto, kikarudi. Yule mzee wao akaegemea nguzo ya stima. Mara mbili wimbo ulikwisha nikafikiri wanafungua, na mara mbili wakaanza upya. Kimani hakuwa akiimba. Alikuwa anatazama barazani, ambako Wambui alikuwa ametoka, amesimama mikono kifuani, hacheki.

Wangari akainua mkono. Wimbo ukakatika, wa ndani na wa nje.

"Mmetoka wapi?" akauliza. Sasa hakuimba, aliongea tu.

"Ruiru, mama," Njoroge akajibu.

"Na safari ilikuwaje?"

Helikopta ilikuwa pale nyuma yetu, goli la mbali, mabawa yake bado yanazunguka taratibu, na kila mtu aliiona. Njoroge akatua kiroba chini. Akajifuta uso kwa tai. Nilimwona akifungua mdomo, nikaogopa atataja zile dakika.

"Ndefu, mama," akasema. "Imekuwa ndefu sana."

Wangari akamtazama juu mpaka viatu, viatu mpaka juu. Kisha akavuta komeo.